Baghala wa Maridhiano

Kahawa ya barazani hapa Kafr Lawza naipika mimi, Shafiq, na huu ni mwaka wa thelathini na moja. Naikaanga mwenyewe, naitwanga mwenyewe, hiliki naitia kwa kipimo changu, na anayeona ni kali aende akanywe chai kwa mama yake. Nayasema haya mapema mjue kwamba katika kisa hiki wajinga ni wengi, nami nimo.

Kijiji chetu kina wakubwa wawili. Wa kwanza ni Abu Shukri, mwenyekiti wa halmashauri, mwenye muhuri. Wa pili ni Haji Mutia, mwenye duka la mbegu, mwenye baghala. Hawa wawili walikuwa hawasalimiani miaka kumi na sita, tangu vyama vyetu vilipopigana vyenyewe kwa vyenyewe kule Gaza. Abu Shukri alikuwa mtu wa Riyadh. Haji Mutia alikuwa mtu wa Tehran. Msiniulize imekuwaje. Abu Shukri safari yake ndefu kuliko zote ni umra moja, tena alirudi anaharisha. Haji Mutia Tehran hajafika, lugha yao haijui, na lile zulia lake analoliita la Kiajemi lina kitambulisho nyuma kinachosema limefumwa Uturuki. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kupata kutoka huko kitu chochote, hata tende, hata kalenda ya ukutani. Walijitafutia mabwana wa kuwatumikia bure, kila mmoja akatundika picha ya mkubwa wake sebuleni, wakaanza kuchukiana kwa niaba ya watu wasiowajua.

Na walichukiana kweli. Mtu akifa hapa, jamaa zake walipanga siku mbili za kupokea rambirambi, moja ya watu wa Abu Shukri na moja ya watu wa Haji, wasije wakakutana mlangoni. Mimi nilikuwa na mabirika mawili, maana Haji hanywi kilichomiminwa kutoka birika alilonyweshwa Abu Shukri. Fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi, hilo mnalijua toka utotoni. Sasa ngojeni niwaambie wakipatana inakuwaje.

Dada yangu Rasmiyya, mama yake Adib, ni mjane wa miaka sitini na tatu. Marehemu mumewe, Sabri, alimwachia dunamu saba za mizeituni, karibu ekari mbili, nazo ziko upande wa pili wa uzio uliojengwa na jeshi linalotukalia. Jeshi linafungua lango siku mbili kwa mwaka za kulima na siku chache za kuvuna, na anayepita, mtu au mnyama, ni yule tu aliyemo kwenye orodha ya halmashauri, yenye sahihi ya mwenye mnyama na muhuri wa mwenyekiti. Adib alikataliwa kibali kwa sababu za usalama, na sababu zenyewe hajaambiwa mpaka leo. Mimi si mrithi, sipiti. Trekta haipiti. Na ardhi ile ya mteremko, udongo mzito na mawe, hailimiki kwa punda. Inamtaka baghala, yule mtoto wa punda na farasi, na baghala mwenye mgongo wa kazi hiyo hapa kijijini, tangu yule wa Sabri alipokufa, ni mmoja tu, wa Haji Mutia.

Hapo ndipo penye shida. Ipo sheria ya tangu enzi za Waturuki, ambayo hawa wenye lango wanaipenda kuliko Waturuki walivyoipenda: shamba lisipolimwa miaka mitatu mfululizo, serikali yao inaweza kulitangaza kuwa lake. Mwaka wa kwanza Rasmiyya alikuwa kwenye eda. Mwaka wa pili alikwenda kwa Haji kumwomba baghala, na Haji akasema, "Baghala chukua, dada yangu, lakini jina langu halikai kwenye karatasi yenye sahihi ya yule mtu." Akaenda kwa Abu Shukri, na Abu Shukri akaapa kwamba orodha haitoki ofisini kwake ikiwa na nafasi tupu, ama Haji aweke sahihi kama watu wengine au orodha isiende. Basi haikwenda. Kijiji kizima hakikulima, na wale wawili wakakaa kila mmoja kwake akijiona simba.

Mwaka huu ulikuwa wa tatu.

Ndiyo maana siku ile ya Machi ilipotangazwa kwamba Riyadh na Tehran zimepatana huko Beijing, mabalozi watarudishwa, mikono imeshikwa, dada yangu alikuja kwangu mbio na ndala zimepishana, moja ya kwake na moja ya mjukuu wake.

"Shafiq! Umesikia?"

"Nimesikia. Wachina wamepata biashara."

"We acha uchungu wako! Wakubwa wao wamepatana. Sasa hawa wetu wana kisingizio gani?"

Nikamwambia, "Dada, hawa hawahitaji kisingizio. Wanacho akiba."

Lakini moyoni, wallahi, nami nilitumaini. Nilihesabu haraka: lango lilikuwa limepangiwa tarehe ishirini na saba na ishirini na nane, Ramadhani ikiwa imeshaanza. Yalibaki majuma mawili. Sahihi moja na muhuri mmoja, ni kitu gani kwa watu waliopatana?

Na walipatana haraka kweli kweli! Abu Shukri alimpigia Haji simu siku ya tatu, baada ya kuona magazetini kwamba si uvumi. Haji akalia kwenye simu. Mkewe ndiye aliyesimulia. Analia, "Ndugu yangu, shetani alituingilia," kama vile shetani hana kazi nyingine ila kukaa Kafr Lawza kugombanisha mwuza mbegu na mwenye muhuri. Kesho yake watoto wao wakaonekana wanacheza mpira pamoja. Juma lile lile tukaambiwa kutakuwa na sherehe barazani, na anakuja mgeni kutoka Ramallah, Daktari Lutfi, wa Kamati ya Kuitikia Maridhiano ya Kanda. Kamati hiyo ilikuwa na umri wa siku sita, na tayari ilikuwa na bendera yake.

Rasmiyya akaniambia, "Nitakuja barazani kuomba."

"Mwanamke? Barazani, mbele ya mgeni?"

"Nina miaka sitini na tatu, Shafiq. Nani atanitazama? Nitakaa kama mwenye haja, kikombe chini. Mbele ya watu wote na kamera zao. Tuone watasemaje."

Alikuwa amepiga penyewe. Kwetu mwenye haja hanywi kahawa. Anapokea kikombe, anakiweka chini mbele yake, na hapo kila mtu anajua. Wenyeji hawali, wageni hawali, mpaka mwenye uwezo wa kumtimizia amwambie, "Kunywa kahawa yako, umepata." Akinywa, neno limefungwa. Aliyetoa harudi nyuma, na aliyeomba harudii tena kuomba. Watu wamemaliza visasi vya damu kwa kikombe hicho, wameozesha mabinti kwa kikombe hicho. Baghala wa siku mbili angeshindikana?

Siku ya sherehe baraza lilijaa mpaka viatu vilikosa mahali mlangoni. Walichinja kondoo wanne. Mansafu ikapikwa kwenye sufuria za harusi, wali na nyama na mtindi mzito unachemka, harufu imefika hadi msikitini, na imamu mwenyewe alifupisha dua. Abu Shukri na Haji Mutia wakakumbatiana. Mpiga picha akasema hakuipata vizuri, wakakumbatiana tena. Akasema jua linamkaa machoni, wakahamia upande wa dirisha wakakumbatiana mara ya tatu, na safari hii Haji akatoa machozi, nadhani ya kuchoka.

Kisha wakapeana zawadi. Sikilizeni hili. Abu Shukri akampa Haji picha ya mkubwa wa Riyadh, na Haji akampa Abu Shukri picha ya mkubwa wa Tehran, zote kwenye fremu za dhahabu ya kupaka. Miaka kumi na sita kila mmoja alikuwa akiilaani hiyo hiyo picha ya mwenzake. Sasa kila mmoja ameikumbatia kifuani, hajui aitundike wapi, na yule aliyetundikwa kwake zamani atamwambia nini. Nilicheka nikajifanya nakohoa.

Daktari Lutfi akahutubia. Mtu mnene, mkarimu wa maneno, suti yake inang'aa viwiko. Alisema mapambazuko mapya yameangaza kanda. Alisema wakubwa wakipatana, Palestina inapumua. Alisema Kafr Lawza ni mfano kwa taifa. Alisema mengi, na tumbo lake likawa linamjibu, maana harufu ya mansafu ilikuwa imeshamfikia. Alipomaliza nikaanza kumimina kahawa kutoka birika moja tu, kwa mara ya kwanza baada ya miaka kumi na sita.

Rasmiyya alikuwa amekaa karibu na mlango, shela nyeupe, mikono magotini. Nikamfikia, nikampa. Akapokea, akakiweka chini.

Mzee mmoja akasema, "La ilaha illallah." Wabeba sinia waliokuwa wameshaingia na mansafu wakasimama katikati ya chumba, hawajui waiweke chini au waitoe.

"Mama Adib," akasema Abu Shukri kwa sauti ya asali, "kunywa, dada yetu. Leo siku ya furaha."

"Nina haja, Abu Shukri."

"Haja yako juu ya kichwa changu. Lakini leo..."

"Leo hasa. Nataka baghala wa Haji na muhuri wako. Siku mbili. Huu ni mwaka wa tatu, nyote mnajua maana yake. Nikishapata nitakunywa."

Nikawaza, wamenaswa! Mbele ya kamera, mbele ya Ramallah, watakwepa vipi? Kumbe nilikuwa siwajui.

Abu Shukri akamgeukia Haji, mkono kifuani. "Baghala ni wa ndugu yangu Haji. Siwezi kutanguliza muhuri kabla yeye hajasema. Nitakuwa nimemkosea adabu."

Haji naye mkono kifuani. "Haiwezekani! Orodha ni ya mwenyekiti wetu. Mimi nitangulie kuweka sahihi, watu waseme Haji anamwamuru Abu Shukri? Tumemaliza hayo mambo. Yeye aanze."

"Wewe ndiye mkubwa kwa umri, Haji."

"Wewe ndiye mkubwa kwa cheo, ndugu yangu."

"Wallahi sitangulii."

"Wallahi wala mimi."

Lo! Mwaka jana walimnyima kwa ugomvi, mwaka huu wanamnyima kwa adabu! Wakawa wanasukumiana heshima huku na huku, na kila heshima ikipita inamkanyaga dada yangu. Tabasamu hazikuwatoka. Sinia ziko hewani, mafuta ya kondoo yameanza kuganda juu ya wali. Rasmiyya hakusogea. Kikombe kiko chini, yeye anawatazama mmoja mmoja.

"Mmeapa wote wawili," akawaambia. "Nani sasa atavunja kiapo chake? Au niilime kwa viapo?"

Watu wakacheka kidogo, kisha wakaogopa kucheka. Haji akasema basi suala hili lipelekwe kwenye Kamati ya Pamoja ya kijiji. Abu Shukri akasema ndilo lililokuwa mdomoni mwake. Kamati hiyo ilikuwa haijaundwa. Wakakubaliana kuiunda, wakapeana mikono tena, na mpiga picha akapiga.

"Kamati haina baghala," akasema Rasmiyya. Kikombe bado chini.

Hapo Daktari Lutfi akashindwa. Alikuwa ametoka Ramallah alfajiri, amesimamishwa kwenye vizuizi viwili, njaa imemshika. Akainua mkono kama anabariki umma, akapaza sauti, "Kunywa, mama! Kunywa kahawa yako, umepata! Umepata kwa jina la Kamati na kwa jina la maridhiano!"

Baraza zima likalipuka: "Umepata! Umepata!" Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mliona nyuso za wale wawili zilivyopona! Abu Shukri alipumua kama mtu aliyevuliwa kiatu kinachobana.

Rasmiyya hakunywa. Alinitazama mimi.

Na mimi, Shafiq, mwaka wa thelathini na moja kwenye birika, mtu ninayejua kuliko wote pale kwamba neno la kikombe hutolewa na mwenye kitu, na kwamba mgeni hana kitu, hana hata nauli ya kurudia, mimi nilimtikisia kichwa. Nilimwambia, "Kunywa, dada." Nilidhani kwa kuwa ni mkubwa, na kwa kuwa kamera zinaona, hawatathubutu. Nilidhani neno la mtu wa Ramallah linapita juu ya kichwa cha mwenye baghala. Miaka yote nawacheka wanaosujudia wakubwa wa mbali, na siku yangu ilipofika nikasujudu kwa wa karibu. Nimejitukana kwa hilo matusi ambayo siwezi kuyaweka hapa.

Akanywa. Wakala mansafu. Daktari Lutfi alikula kwa mikono yote miwili.

Kesho yake nilikwenda ofisini kwa Abu Shukri kuchukua ile karatasi.

"Karatasi gani?" akaniuliza.

"Ya baghala. Dada yangu amepewa neno."

"Amepewa na Daktari Lutfi. Sisi ni nani wa kuingilia neno la mgeni? Atakapoleta utaratibu kutoka Kamati ya juu, sisi tutautekeleza mara moja."

"Lango ni tarehe ishirini na saba!"

"Basi muombe aharakishe, ami."

Nilimpigia Daktari Lutfi siku nne mfululizo. Mara yuko mkutanoni, mara yuko njiani, mara kijana mwenye sauti laini ananiambia Daktari amesafiri Amman na ujumbe wa pongezi. Nikaenda kwa Haji. Haji akanipokea vizuri, akanitilia chai, akanionyesha ile picha mpya imeegemezwa nyuma ya magunia ya mbolea.

"Haji, kwa Mungu, weka sahihi tu. Mimi nitaipeleka."

"Shafiq, wewe ni mtu mzima. Nikiweka peke yangu kabla ya Kamati ya Pamoja, Abu Shukri ataonaje? Mkono umeshikwa juzi tu, bado wa moto. Unataka mimi niwe wa kwanza kuuachia?"

"Na Rasmiyya?"

"Dada yetu ana subira. Kikao ni baada ya Idi."

Nikamwambia baada ya Idi akae yeye na kikao chake wakalime mizeituni ya peponi. Akasema ananisamehe kwa sababu ya maridhiano.

Orodha ilikwenda, hilo nikiri. Karani wa halmashauri alituma majina ya wenye ardhi, na kwenye safu ya wanyama akaandika: itafuata baada ya kikao cha Kamati ya Pamoja.

Tarehe ishirini na saba, saa kumi na mbili asubuhi, tulikuwa langoni. Askari akasoma majina. Rasmiyya akapita na jembe la mkono, kwa kuwa kwa jembe la mkono hakuna safu. Alikuwa amefunga. Nilimsihi asifunge, nikamwambia mwenye kazi nzito ana ruhusa, akanijibu, "Nikila nitaomba na maji, nikinywa maji nitatafuta kivuli, nikikaa kivulini siku imekwisha. Niache." Nikabaki upande huu wa uzio, nimeshika waya, namwona mteremkoni anainama na kuinuka, anainama na kuinuka, kitambaa chake cheupe kinazidi kuwa kidogo. Nilikaa pale mpaka saa tisa alasiri walipofunga. Alirudi viganja vimechubuka, ameviviringisha kwa kitambaa cha kichwa. Kesho yake akarudi tena kwa viganja hivyo hivyo.

Siku mbili. Mwanamke mmoja, jembe moja, udongo ule. Alilima dunamu moja kasoro kidogo.

Siku ya pili alipotoka langoni, nani tunamkuta? Abu Shukri, Haji Mutia, na mpiga picha. Wamekuja kwa gari moja, waonekane wamekuja kwa gari moja.

"Mama Adib, hongera!" akasema Abu Shukri. "Simama hapa katikati yetu. Inua jembe."

"Niinue jembe?"

"Kwa ajili ya taarifa. Tunda la kwanza la maridhiano."

Rasmiyya hakuwa na nguvu hata za kutukana. Alisimama tu, na wao wakajipanga kushoto na kulia wakatabasamu. Mimi nilitukana kwa niaba yake, lakini picha haina sauti.

Usiku ule taarifa ikatoka. Niliisoma mara mbili nikidhani miwani imechafuka. Ilisema kwamba kwa baraka za mapatano ya kanda na juhudi za pamoja za ndugu Abu Shukri na Haji Mutia, ardhi ya mjane imekombolewa, na dunamu zote saba zimelimwa. Zote saba! Ikasomwa redioni. Binamu yetu aliyeko Chile alipiga simu kutupongeza, akataka kujua baghala alikuwa wa nani.

Mimi nilikuwa na tumaini moja limebaki. Ofisi ya uratibu, ile inayopanga siku za lango, hukubali wakati mwingine siku ya ziada, mtu akionyesha kwamba hakumaliza. Nikaandika barua, nikaipeleka mwenyewe. Afisa wa pale, mtu mwenye Kiarabu safi kuliko cha mwenyekiti wetu, akaisoma, akafungua kompyuta yake, akanigeuzia kioo nione. Picha ile ile, jembe juu, wale wawili pembeni.

"Halmashauri yenu inasema dunamu saba zimelimwa," akaniambia. "Unataka siku ya tatu ya kufanya nini?"

"Wamesema uongo."

"Basi waandike hivyo. Mstari mmoja. Nitakupa siku yako."

Sikuamini masikio yangu. Mstari mmoja! Nilirudi mbio, kwa umri huu, nikaingia kwa Abu Shukri bila kubisha. Haji alikuwemo, siku hizi walikuwa hawaachani. Nikawaambia: andikeni kwamba ni dunamu moja tu, zimebaki sita, basi. Wakatazamana.

"Shafiq," akasema Abu Shukri taratibu, "ile taarifa imefika mbali. Imetajwa mpaka nje."

"Nayo ni ya wote wawili," akasema Haji. "Akiisahihisha yeye, mimi nimekuwa mwongo. Nikiisahihisha mimi, mwongo ni yeye."

"Isahihisheni pamoja muwe waongo pamoja! Si mnapenda pamoja?"

"Unataka tuwape maadui habari kwamba maridhiano yameanza kwa uongo?" akasema Abu Shukri. "Katika wakati kama huu?"

"Nataka dunamu sita za dada yangu!"

"Kuna masilahi makubwa zaidi," akasema Haji, akamshika Abu Shukri mkono. Wamekaa wameshikana mikono kama maharusi, na katika miaka kumi na sita hilo ndilo neno la kwanza walilokubaliana kwa dhati, kutoka moyoni. Wakigombana wanazikanyaga nyasi. Wakipatana wanainama pamoja na kuzila. Nililisema hilo kwa sauti, wakaniambia nitoke.

Hati ilibandikwa mwezi wa sita kwenye nguzo ya lango, imeshikizwa kwa waya, na ramani nyuma yake. Ndege ya wale wenye lango ilikuwa imepiga picha zake, na ndege haisomi taarifa za halmashauri. Dunamu sita na ushei zimepakwa rangi ya njano: ardhi ya serikali. Katikati ya njano palibaki kipande cheupe chenye kingo za kupindapinda. Nilikitambua. Kilifuata jembe la Rasmiyya hatua kwa hatua, palipokuwa na mwamba akauzunguka, palipoteremka akateremka nako. Hawakumwibia hata hatua moja aliyoilima, na hawakumwachia hata moja aliyoikosa.

Nikaichukua nakala nikampelekea. Alivaa miwani, akaitandaza juu ya meza ya jikoni, akawa anapitisha kidole kwenye ule ukingo. Nje niliwasikia wale wawili wamefika na mpiga picha wao. Walikuwa na taarifa ya pamoja ya kulaani, wanataka sahihi yake chini.

Kidole chake kikasimama mahali, pembeni kidogo tu ya weupe, kwenye njano.

"Hapa ndipo ilipo ile minne aliyoipanda Sabri mwaka tuliooana," akasema. "Nilikuwa nimeifikia. Siku ya pili, adhuhuri, nilikaa kivulini, Shafiq. Kama nusu saa hivi. Kichwa kilikuwa kinazunguka. Nusu saa ile ingetosha miti minne."

"Dada, si kosa lako."

"Nusu saa tu," akasema. "Nilikaa ya nini?"

Kule nje Haji Mutia akabisha mlango, akaita kwa upole kwamba mwanga unaondoka.